Sura ya Tano: Kuistarehesha Ngozi Iliyochokozwa

Katika viungo vyote vya mwili wa binadamu hakuna kinachotibiwa na watu wengi pasipo tabibu kuliko ngozi, na sababu yake iko dhahiri: figo na ini zimesitiriwa, lakini ngozi ipo hadharani, kila apitaye huiona, na kila aionaye ana dawa yake. Binti akitokwa na vipele viwili shavuni, kabla ya jua kuchwa shangazi yake amekwisha kumwambia apake ndimu, jirani amemsisitizia dawa ya meno, shoga yake amemtolea mkobani kikopo cha krimu kisicho na maandishi, na muuza duka, ambaye hakuulizwa, amemwonyesha sabuni mpya iliyoingia juzi. Naye binti, kwa kuwa hapendi kumvunja mtu moyo, na kwa kuwa kioo hakimwonei haya asubuhi, huvipokea vyote na kuvitumia vyote. Baada ya juma moja vile vipele viwili vimekuwa uso mzima wenye kuwasha, kuchonyota na kupauka, na hapo mashauri huanza upya kwa bidii kuliko mara ya kwanza.

Nia yangu katika sura hii ni kuitetea rai ambayo haimpendezi muuza duka hata kidogo, nayo ni kwamba ngozi iliyokwisha kuchokozwa haihitaji kuongezewa kitu kabla haijapunguziwa vile ilivyotwikwa. Na kwamba kazi kubwa ya mwenye ngozi, muda wote wa kupona, ni kuizuia mikono yake na kuyakataa kwa adabu mashauri ya wampendao. Rai hii haikutoka katika uvivu. Msingi wake ni umbile la ngozi yenyewe, na umbile hilo lastahili kuelezwa kwa kituo.

Utando wa juu kabisa wa ngozi, ambao ukiacha viganja na nyayo ni mwembamba kuliko karatasi, umefanywa kwa tabaka zipatazo 15 hadi 20 za seli zilizokufa na kukauka, na baina ya seli hizo mna mafuta ya namna yake. Daktari Peter Elias wa California, mmoja wa walioichunguza habari hii tangu miaka ya 1970, aliufananisha utando huo na ukuta wa matofali na saruji. Nasi wa pwani twaweza kuuwazia ukuta wa nyumba za kale za Lamu au Unguja, ambao mawe yake ni ya matumbawe na kiyashikacho ni chokaa. Chokaa ya ngozi ni mchanganyiko wa seramidi, lehemu na tindikali za mafuta, na ikiwa kamili hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huyazuia maji ya mwilini yasipotee hewani, na huvizuia vya nje, yaani sabuni, manukato, vumbi na vijidudu, visipenye ndani. Ikiliwa na sabuni au ikikwanguliwa kwa dodoki, maji hutoka na vichokozi huingia, mishipa ya fahamu iliyo chini huonja kila kipakwacho, na ndiyo maana mwenye ngozi ya hali hii husema kwamba hata maji matupu yamchonyota, nasi tusimdhanie kuwa anadeka.

Bahati njema ni kwamba mwili haungoji kuambiwa. Punde chokaa ipunguapo, seli zilizo hai chini yake huanza kutengeneza nyingine, na kwa kijana mwenye afya ukuta uliobomolewa kidogo hurudi katika hali yake kwa muda wa siku 3 hivi, ilhali kwa mzee huweza kupita juma zima. Seli yenyewe, tangu izaliwe chini hadi ibanduke juu, huchukua majuma 4 au zaidi. Hesabu hizi mbili zikiwekwa pamoja zaueleza msiba wa yule binti: aliyejisugua Jumatatu, akapaka ndimu Jumanne, akajaribu sabuni mpya Jumatano na dawa ya meno Alhamisi, hakuipa ngozi yake hata mara moja zile siku chache za mfululizo ilizozihitaji, bali kila ilichojenga usiku yeye alikibomoa mchana.

Sabuni yastahili neno lake peke yake. Mwaka 1928 wataalamu wawili wa Kijerumani, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, walieleza kwamba juu ya ngozi ya binadamu kuna uchachu mwepesi ambao ni sehemu ya kinga yake. Katika kipimo cha wanakemia, ambamo maji safi hukaa katika 7 na kila kipunguacho hapo huhesabiwa kuwa kichachu, uso wa ngozi yenye afya hukaa karibu na 5. Na vimeng'enya vinavyoitengeneza ile chokaa hufanya kazi vyema katika uchachu huo na huzembea unapotoweka. Sabuni ya mche, ile tufuliayo nguo na ambayo watu wengi huisifu usoni kwa kuwa ‘inakwangua mafuta’, hukaribia 10. Sifa yake ndiyo aibu yake. Fauka ya hayo, katika miji mingi ya mwambao maji ya visima yana chumvi, sabuni haitoi povu ndani yake, basi mtu huongeza sabuni juu ya sabuni mpaka povu likubali, na utando wa sabuni hubaki usoni baada ya kuosha. Mwenye ngozi iliyoumia, ikiwa maji ya nyumbani kwake ni ya namna hiyo, ajitengee kopo moja la maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya kusuuzia uso. Ni gharama ndogo.

Na aijue dalili anayoitafuta. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa Ulaya kwa kutazama ngozi za Ulaya, vikamfundisha msomaji atafute wekundu, na mtu mweusi akijitazama kiooni asiuone hujidhania salama. Katika ngozi zetu mchokozo huonekana kwa sura nyingine: rangi hukoza ikaelekea zambarau au kahawia iliyofifia, vinyweleo husimama kama vipele vidogo, na mahali pengine ngozi hupauka ikawa ya majivu hata dakika chache baada ya kupakwa mafuta. Kabla ya hayo yote kuonekana, mwenyewe husikia: uso humbana akicheka, jasho humchonyota pembeni mwa pua, na mafuta aliyoyatumia miaka mingi bila tabu humwasha ghafula. Atakayeziamini dalili hizi za kusikia asingoje zile za kuona atapunguza nusu ya safari.

Nimeitaja ndimu mara mbili, na sitaki niipite kwa haraka, kwa kuwa hakuna dawa ya nyumbani inayopendwa kuliko hiyo wala inayofanya dhara lake kwa hila kama hiyo. Uchachu wake, ulio baina ya 2 na 3 katika kipimo kile, watosha peke yake kuiunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka. Lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba ndani ya ndimu, na hasa katika ganda lake, mna kemikali ziitwazo furokumarini, ambazo zikikaa juu ya ngozi na kupigwa na jua huichoma kwa namna ambayo jua peke yake au ndimu peke yake isingeweza. Siku ile ile mtu haoni kitu, tena pengine huona uso umetakata akashukuru. Siku ya pili au ya tatu huanza mwako, na mara nyingine malengelenge, kisha hubaki weusi wa majuma na miezi. Alama yake haifichiki kwa mwenye kuijua: weusi huo umefuata njia ya tone, kutoka shavuni ukateremka taya hadi shingoni, na vidoleni mwa aliyekamua umekaa pale pale maji yalipopita. Manukato yaliyotiwa mafuta ya bergamoti, ambayo ni tunda la ukoo huo huo wa machungwa, yaliwaachia wanawake wa Ulaya michirizi ya namna hiyo shingoni, na tabibu aitwaye Freund aliiandika habari yake mwaka 1916. Kwa hiyo aliyepaka ndimu ili aondoe doa moja, kisha akatoka kwenda sokoni saa sita mchana, amejinunulia madoa mengine kwa bei ya ndimu moja.

Basi mwendo wenyewe wa kuipumzisha ngozi ni huu. Kwanza viondolewe mezani vitu vyote isipokuwa vitatu: kisafishio kipole kisicho sabuni kali, mafuta au krimu isiyo na manukato, na kinga ya jua. Vilivyosalia visitupwe, maana vilinunuliwa kwa fedha na kuvitupa huleta majuto yamrudishayo mtu dukani. Vifungiwe kabatini na ufunguo apewe mwingine. Namtoa katika hukumu hii mtu aliyekuwa akitumia krimu kali za kung'arisha au za steroidi, ambaye shauri lake ni mbali na nitalifikia hivi punde.

Asubuhi uso uoshwe kwa maji matupu, kwa kuwa usiku mmoja wa kulala haumchafui mtu kiasi cha kuhitaji sabuni. Jioni, baada ya vumbi na jasho la mchana, ndipo kisafishio kitumike, kidogo, kwa ncha za vidole, kwa muda usiozidi dakika moja, nacho kisuuzwe vizuri kwenye mpaka wa nywele na chini ya taya ambako aghalabu husahauliwa. Maji yawe ya vuguvugu. Maji ya moto huyayeyusha mafuta tunayoyalinda, na raha yake kwa ngozi inayowasha ni ya kitambo kidogo tu. Taulo libonyezwe usoni, lisisugue. Kisha, uso ukingali na unyevu, katika dakika 3 au karibu na hapo, mafuta yapakwe, ili maji yaliyomo yazuiliwe kabla hayajaruka. Mafuta yapakwayo juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hufungia ukavu ndani. Hakuna zaidi ya hayo kwa majuma 4, na msomaji aliyetazamia orodha ndefu naomba aniwie radhi.

Katika kuchagua krimu, harufu ndiyo adui wa kwanza, na hapa hakuna tofauti baina ya harufu ya kiwandani na ya shambani. Wako watu wenye akili zao timamu wasadikio kwamba kitu kitokacho katika mmea hakiwezi kumdhuru mtu, wakapaka mafuta ya karafuu au ya mchaichai usoni pao kwa imani hiyo. Mtu wa namna hiyo hajawahi kupita shambani penye upupu. Mafuta ya karafuu ni dawa adhimu ya jino, lakini juu ya ngozi iliyochanika huunguza.

Mwenye kuswali swala 5 hulowesha uso na mikono mara nyingi kwa siku, na kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, hasa mikononi, huichosha ngozi iliyo dhaifu. Lakini si udhu ulio na lawama. Lawama ni ya sabuni iliyowekwa kando ya birika na kutumiwa kila mara bila haja, na ya upepo wa feni uachiwao kazi ya kukausha. Atawadhe kwa maji matupu, ajifute kwa kitambaa laini kikavu, vidole kimoja kimoja, kisha ajipake mafuta yake kidogo baada ya kutawadha na si kabla, ili maji yafike ngozini pasi shaka. Ikiwa ngozi yake imeharibika hata maji yenyewe yanamdhuru, hapo sheria ina ruhusa zake kwa mgonjwa, na mwanachuoni aliye karibu naye atamweleza.

Juu ya mafuta yenyewe kuna majadiliano yasiyokwisha. Tangu zama za Galen, tabibu wa Kiyunani ambaye Waarabu walimwita Jalinus, watu wamechanganya nta ya nyuki, mafuta na maji wakapata krimu ya kutuliza, na hata leo msingi wa krimu nyingi haukwenda mbali na hapo. Mafuta ya mgando, ambayo wengi hawayapi heshima kwa sababu ya urahisi wa bei yake, asili yake ni visima vya mafuta ghafi vya Pennsylvania, ambako wachimbaji walikuwa wakijipaka nta iliyogandamana na mitambo juu ya majeraha na michomo yao. Robert Chesebrough aliitazama nta hiyo, akaisafisha, na mwaka 1872 akapata hataza yake Marekani. Husimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa akila kijiko kimoja cha mafuta hayo kila siku, naye alifariki mwaka 1933 akiwa na miaka 96, ingawa simshauri mtu kumwiga. Yakipakwa juu ya ngozi hayana mshindani katika kuzuia maji yasiruke, hayana harufu, na karibu hayamwashi mtu yeyote. Aibu yao ni kunata. Katika joto la Mombasa mwezi wa Februari hakuna atakayevumilia kuyapaka mchana, basi yawe ya usiku, utando mwembamba tu, na mchana itumike krimu nyepesi yenye glisirini. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mwili mkavu, lakini mwenye chunusi aghalabu huzidishiwa nayo usoni. Ama mafuta ya zeituni, pamoja na utukufu wake mezani na katika dini, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba huulegeza ukuta wa ngozi, ilhali ya alizeti hayaulegezi. Na alizeti yetu ya Singida haina ughali.

Kinga ya jua isidhaniwe kuwa ni ya Wazungu. Ngozi nyeusi haiungui upesi, lakini ikichokozwa huacha weusi, na jua huuzidisha weusi huo na kuudumisha. Atakayepata krimu ya kinga yenye oksidi ya zinki, isiyo na manukato, aitumie. Moshi, kando ya hospitali ya KCMC, katika kituo cha kuwafundishia matabibu wa ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, hutengenezwa krimu ya kinga ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao jua ni hatari ya saratani. Asiyepata anao mwavuli, ukaya na kofia pana ya ukili, navyo havijapata kumwasha mtu.

Sasa nalirudia lile nililoliahirisha, yaani mkorogo. Kwa jina hilo hujulikana mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ukorogwao nyuma ya maduka na kuuzwa kwa kipimo cha kijiko, ambao mpakaji hajui kilichomo wala mkorogaji hamwambii. Aghalabu mna moja kati ya vitu vitatu, au vyote. Zebaki huzuia rangi isitengenezwe, lakini hupenya mwilini na kuziharibu figo, na mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliazimia kuikomesha katika vipodozi. Haidrokwinoni kali, ikitumiwa miaka mingi, humgeukia mtumiaji kwa kuacha mabaka ya rangi ya samawati na masizi mashavuni, kama madaktari wa Afrika Kusini walivyoeleza mwaka 1975. Cha tatu ni steroidi, na hicho ndicho kinachotuhusu hasa, kwa kuwa ndicho kinachomghilibu mtu aamini kwamba ngozi yake inapona.

Steroidi si sumu kwa asili yake. Mwaka 1952 Marion Sulzberger na Victor Witten walitangaza kwamba haidrokotisoni ikipakwa hutuliza ukurutu, na tangu hapo wagonjwa wasiohesabika wamelala usingizi kwa ajili yake. Lakini jamaa yake klobetasoli, ambayo nguvu yake hukadiriwa kufikia mara 600 za haidrokotisoni, huuzwa katika maduka yetu pasipo cheti cha daktari, katika bomba dogo la bei ya soda. Ikipakwa usoni kila siku, siku za kwanza ni za furaha: mwasho hukoma, uso hulainika na kung'aa. Baada ya miezi ngozi huwa nyembamba hata mishipa ya damu ikaonekana, vinyweleo huota mashavuni, vipele huzunguka mdomo. Na mtumiaji akiacha ghafula uso huwaka, huvimba na kumenyuka, akakimbilia bomba lile lile limtulize. Albert Kligman na Peter Frosch waliuita uraibu huo kwa jina lake mwaka 1979. Vifundo vya vidole vyenye sugu nyeusi juu ya mkono mweupe huwafichulia wapita njia siri ambayo mwenye mkono hakutaka kuisema, na dhihaka zao barabarani naziona kuwa ni ukatili usio na faida, kwa maana humfanya azidi kujificha na kuchelewa kwenda hospitali.

Mtu huyu asiache krimu yake kwa siku moja akategemea maji na mafuta ya mgando. Aende kwa tabibu akiwa na kopo lenyewe mkononi, hata kama halina maandishi, naye atapunguziwa nguvu ya dawa hatua kwa hatua. Kupona kwake ni kwa miezi, pengine kwa mwaka, na kutakuwa na majuma ambayo uso utakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa. Asipoambiwa haya mapema atadhani tiba ndiyo iliyomdhuru.

Wengine wapaswao kwenda hospitali bila kungoja majuma 4 ni wale wenye usaha au homa, waliovimba macho, na hasa aliyetokwa na malengelenge mdomoni au machoni baada ya kumeza dawa mpya, ambaye hatari yake ni ya saa na si ya siku. Mtoto mchanga naye asijaribiwe nyumbani.

Uso ukikaa majuma 4 pasipo kuchonyota, lile kabati laweza kufunguliwa, kitu kimoja kimoja, na baina ya kimoja na kingine zipite majuma 2. Kitu chochote kabla hakijafika usoni kipakwe ndani ya mkono karibu na kiwiko, mahali penye ukubwa wa sarafu, asubuhi na jioni kwa siku 7. Kikiwasha huko, usoni hakina nafasi. Liwa iliyosagwa juu ya jiwe kwa maji matupu huweza kurudi mapema, ikipakwa kidogo na kuoshwa kabla haijakauka ikabana. Liwa ya unga wa dukani iliyotiwa manukato ipitie mtihani wa mkono kama wengine. Singo ina shida zaidi, kwa kuwa ndani yake mna viungo vingi pamoja na msuguo, na bibi harusi ambaye uso wake uliwahi kuchokozwa amwambie somo wake habari hiyo miezi 2 kabla ya siku yenyewe, ili singo ijaribiwe mkononi kukiwa na wasaa, na ikimwasha asuguliwe nayo mwili tu na uso uachwe na mafuta yake.